Kabla ya saa nne usiku, nani ameshika rimoti?

Ewe mzazi unayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe, hebu jiulize: jana saa moja na nusu usiku ulikuwa wapi, na watoto wako walikuwa wakitazama nini kwenye runinga?

Huenda ulikuwa ungali kwenye foleni ya feri upande wa kisiwani. Huenda matatu yako ilikuwa imekwama Kibarani, ama ndiyo kwanza unaingia zamu ya usiku bandarini. Watoto nao walikwisha kutoka madrasa au tuisheni, wakala, wakaketi mbele ya televisheni. Rimoti ikawa mikononi mwa mkubwa wao, mwenye miaka kumi na miwili.

Serikali haikuzisahau saa hizo. Kanuni za vipindi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya mnamo 2016 zasema kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, vituo vinavyoonekana bila malipo vionyeshe yale tu ambayo familia nzima yaweza kuyatazama. Matusi, mambo ya chumbani na umwagaji damu vingoje watoto walale. Matangazo ya pombe pia yangoje. Uingereza mpaka huo ni saa tatu usiku, kwa hivyo sisi tumewazidi kwa saa moja.

Kuna sharti jingine, nalo ni la vipindi vya nyumbani. Vituo vilitakiwa kuanza na asilimia 40 ya vipindi vilivyotengenezwa nchini, kisha vipande hadi asilimia 60.

Ukiyasoma masharti haya mawili pamoja utadhani jambo limekwisha. La, halijaisha. La kwanza linalinda jioni, lakini la pili halisemi kwamba kipindi cha nyumbani kionyeshwe jioni. Kituo chaweza kujaza fungu lake kwa mazungumzo ya asubuhi, nyimbo za mchana na marudio ya wiki jana. Jioni ikifika na nyumba imejaa watu, kikatuletea tamthilia iliyonunuliwa Mexico, Ufilipino, Uturuki au India.

Sababu ni pesa. Tamthilia ya kigeni ilikwisha kurudisha gharama zake kwao, ndipo ikauzwa huku kwa bei nafuu. Ya hapa yataka waigizaji walipwe, kamera zikodishwe, mavazi yashonwe, na mvua ikinyesha siku ya kupiga picha ni hasara tupu.

Walio na umri wangu wanavikumbuka Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi katika KBC. Mzee Ojwang, yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015, alichekesha nyanya na mjukuu kwa neno lile lile, wala hapakuwa na baba wa kuruka kitini kubadilisha stesheni. Lakini tusijidanganye kwamba zamani zote zilikuwa za Ojwang. KBC hiyo hiyo ilituonyesha The Rich Also Cry, na sufuria ngapi ziliungua jikoni kwa ajili yake!

Kwamba watazamaji wanataka vya kwao, si jambo la kubishaniwa. Mwaka wa 2022 Citizen ilianza Sultana, tamthilia ya Kiswahili kuhusu msichana asiyeona, yenye mandhari ya Pwani. Mtoto wa Mtongwe akasikia lafudhi ya nyumbani katika saa ya watu wazima kukaa pamoja. Hapa nina neno langu: kwa mkazi wa Mtongwe au Mikindani, hata Nairobi ni mbali. Kipindi kikihesabiwa kuwa cha nyumbani kwa sababu tu kimepigwa picha nchini, huku mazungumzo yote ni ya mitaa ya Nairobi, basi watu wa Pwani wamepewa nusu ya haki yao.

Kisha kuna matundu. Kanuni nilizozitaja ni za vituo vya bure. Stesheni za kulipia zategemea mzazi afunge king'amuzi kwa nambari ya siri, na katika nyumba nyingi nambari hiyo haijawahi kuwekwa, au anayeijua ni kijana wa nyumba. Pia kuna kibanda cha video kule mtaani, ambako mpira ukiisha filamu huwekwa, na mtoto aliyelipia mpira hatolewi nje. Sheria ya filamu, Sura ya 222, yataka maonyesho ya namna hiyo yawe na kibali, na filamu ya miaka 18 isionyeshwe watoto. Nani huja kukagua saa tatu usiku huko vichochoroni? Simu nazo, hizo ni habari ya siku nyingine.

Ukiona kituo cha bure kimevuka mpaka kabla ya saa nne, usiishie kulalamika barazani. Andika jina la kipindi, tarehe na saa, ueleze ulichokiona. Barua ya kwanza ipeleke kwa kituo chenyewe, nawe ubaki na nakala. Wasipokujibu, nakala hiyo ipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Na ukiandika, taja pia kipindi cha nyumbani ambacho ungependa kukiona saa hiyo.