Somo la Mahindi Huko Kaloleni

Ndugu mkulima, umepata kumenya hindi jeupe la shambani mwako ukakuta punje chache za manjano, nawe hukupanda mahindi ya manjano? Basi soma habari hii.

Mzee mmoja wa skimu ya Lugari alikwenda Nairobi kumtazama mwanawe, mwanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu, akaaye kwa shangazi yake mtaani Kaloleni, katika zile nyumba zilizojengwa miaka ya 1940. Mzee alichukua kikapu cha mahindi makubwa, mazao ya mbegu ya haibridi. Nyumbani alikuwa amekwisha kuweka madebe matatu ya mahindi hayo yawe mbegu ya mwaka ujao, maana bei ya dukani ilimwuma.

Kijana akamwambia, "Baba, usiyapande hayo." Mzee akakasirika. Hindi kubwa litazaaje dogo?

Kijana hakubishana. Alileta mabakuli mawili, akafanya kama wafanyavyo walimu wa elimu ya urithi. Nawe waweza kujaribu. Tia katika kila bakuli punje 20 za manjano na 20 nyeupe. Bakuli moja ni baba, la pili ni mama, na wote wawili ni chotara. Fumba macho, toa punje moja huku na moja huku, zitazame, uzirudishe. Fanya hivyo mara 40. Palipo na manjano hata moja, mtoto ni wa manjano, kwa kuwa manjano huishinda nyeupe. Nyeupe mbili zitakutana kama mara 10 hivi. Mtawa Gregor Mendel alihesabu namna hiyo kwa njegere, akachapisha habari zake mwaka 1866.

Na zile punje za manjano katika hindi lako? Kila unywele wa hindi hupokea mbelewele yake peke yake, na upepo haujui mpaka wa jirani.

Sasa tazama haibridi. H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964, ilipatikana Kitale kwa kuoza mahindi ya huko na mahindi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Nguvu yake yatokana na wazazi wasiofanana. Ukipanda punje zilizovunwa kwake, urithi huchanganyika kama katika mabakuli, wala si wa rangi tu: bua hili refu, lile fupi, jingine halizai kitu. Shamba huwa la mchanganyiko na magunia hupungua.

"Mbona maharagwe yangu hayabadiliki?" Mzee aliuliza vema. Ua la haragwe kwa kawaida hujizalisha lenyewe kabla halijafunguka, ndipo mtoto hufanana na mzazi. Mbegu yake yafaa kuwekwa, ikiwa haina ugonjwa. Mahindi ya kienyeji pia yaweza kuwekwa, lakini chagua kwa mabua mengi mazima ya katikati ya shamba, mbali na mpaka.

Mzee hakusadiki yote. Aliporudi, yale madebe matatu yalikwenda kwenye kinu cha posho, ila kibaba kimoja. Hicho alikipanda mistari miwili kando ya mbegu mpya ya dukani, apate kuona kwa macho yake.