Kutolewa Figo au Kuchangia Figo?

Mnamo Desemba 2023, Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Sheria ya Uganda ya mwaka huohuo inakataza kuuza viungo. Hata hivyo, vijijini wapo wanaohofu kwamba mtoaji atadhoofika, au kwamba si vyema mtu azikwe akiwa pungufu. Hapa Kiswahili chetu kinahusika. Tukisema "alitolewa figo", msikilizaji huweza kudhani aliibiwa. Tukisema "alimchangia nduguye figo", huelewa hiari, kama kuchangia damu. Lakini neno zuri lisifiche ukweli: mwenye afya huweza kuishi kwa figo moja, ila upasuaji una hatari zake. Tufundishe yote mawili, ili mwanakijiji akubali au akatae akiwa ameelewa.