Kwa nini taifodi ya kuku inarudi hata baada ya kupiga jiki

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kuku wa mayai alinipigia simu, sauti imejaa hasira. "Mtaalamu, banda nimeosha, jiki nimepiga, nimesubiri wiki mbili ndipo nikaingiza vifaranga. Taifodi imerudi. Hawa wadudu wanaishije?"

Swali hilo lilishanigharimu. Nilipotoka chuo na stashahada yangu mkononi nilianza na kuku 300, na kundi la pili nikazika 140. Kosa lilikuwa langu: nilikadiria jiki kwa macho, nikamwaga juu ya kinyesi kilichokauka.

Taifodi ya kuku huletwa na bakteria aitwaye Salmonella. Kabla ya kulaumu banda, uliza kwanza vifaranga wametoka wapi, maana ugonjwa huu hupita hadi ndani ya yai. Ila banda nalo lina yake.

Fosfeti mnaijua, ipo kwenye DAP na kwenye DCP ya chakula cha kuku. Bakteria naye anayo, ikiwemo ndani ya ATP, ambayo ni kama salio la simu: kazi nyingi za seli zinakatwa humo. Kimeng'enya kimoja, polifosfeti kinasi, huchomoa fosfeti kwenye ATP na kuziunga moja moja hadi upatikane mnyororo wa mamia ya fosfeti. Huo ndio polifosfeti. Kimeng'enya kingine, eksopolifosfatasi, huukata kuanzia mwishoni. Bakteria akiwa ameshiba, huyu anajenga, yule anabomoa, kinachobaki ni kidogo.

Sasa mnyime chakula. Kwa E. koli, ndugu wa karibu wa Salmonella ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, njaa humfanya atoe kemikali ya tahadhari iitwayo ppGpp. Hiyo inakizuia kimeng'enya cha kukata. Cha kujenga kinaendelea, mnyororo unajazana. Kisha polifosfeti inasaidia kuvunja protini za ziada ili apate malighafi ya kutengeneza vimeng'enya vya kumvusha. Ni kama mtu anayeuza mabati ya stoo anunue unga.

Kimeng'enya cha kujenga kiligunduliwa mwaka 1956 na Arthur Kornberg na wenzake, lakini kwa miaka mingi wengi waliuona mnyororo huu ni takataka tu ya seli. Mwaka 2002 ikaonekana kwamba Salmonella aliyeondolewa jeni ya kimeng'enya hicho hadumu muda mrefu kwenye njaa, na hata nguvu yake ya kuambukiza inapungua.

Na jiki je? Klorini inaharibu protini za bakteria kama moto unavyofanya yai kwenye kikaango: ute ukishaganda haurudi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba E. koli akiguswa na klorini hurundika polifosfeti, nayo inazishika protini zisigandane mpaka hatari ipite. Kumbe dozi hafifu inampa nafasi ya kujihami!

Sisemi polifosfeti peke yake ndiyo iliyomaliza kuku wangu. Uchafu ndio uliokula klorini kwanza, bakteria wakapata mabaki yasiyowatosha kufa. Dozi kamili kwenye sakafu safi inawashinda.

Kwa hiyo: toa maranda yote, kwangua, osha kwa sabuni, suuza, acha pakauke. Ndipo upige dawa kwa kipimo cha lebo, kwa kikombe siyo kwa macho, na uiache kwa muda ulioandikwa. Jiki usichanganye na tindikali wala dawa nyingine, itakutoa moshi wa sumu. Drinka zisugue ndani, ule utando unaoteleza umejaa bakteria. Panya nao wafukuze.

Yule kijana nimemwambia apeleke kuku waliokufa maabara kabla hajanunua antibayotiki. Kuku waliopona asiwachanganye na wapya, kwa sababu wanaweza kubeba bakteria wakiwa wazima kabisa. Majibu yakitoka nitawaeleza.