Lugha ya Nyumbani Isipotelee Kambini

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka chini ya sauti)

MTANGAZAJI: Popote unapotusikiliza, iwe Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma kaskazini mwa Kenya, au Nakivale kusini magharibi mwa Uganda, tunafurahi kuwa nawe. Vuta kigoda, mwite na jirani. Watoto nao wasogee, maana leo tunazungumza habari zao.

Kuna malalamiko tunayoyasikia mara nyingi kwa wazazi wa kambini. Mama wa Kirundi anasema, "Namwita mwanangu kwa Kirundi, ananijibu kwa Kiswahili." Baba aliyetoka Fizi anasema, "Wanangu Kibembe wanakisikia, lakini hawakisemi." Je, lugha hiyo imeshapotea? Inaweza kurudi? Na mzazi anayetaka mtoto wake afaulu shuleni, aache kuzungumza naye lugha ya nyumbani? Hayo matatu ndiyo tutakayoyajibu.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Tuanze na hali ilivyo. Mtoto wa kambini huishi katikati ya lugha nyingi. Nyumbani kuna lugha ya wazazi. Bombani, sokoni na uwanjani kuna Kiswahili, au lugha ya wenyeji. Shuleni inategemea nchi. Tanzania, shule za kambini zimekuwa zikifuata mitaala ya nchi ambako wakimbizi walitoka, kwa hiyo Mrundi hukutana na Kirundi na Kifaransa, na Mkongomani hukutana na Kifaransa na Kiswahili. Kenya na Uganda, mtoto hufuata mtaala wa nchi inayompokea, na hapo Kiingereza ndicho kinachotawala darasa.

Kujua lugha nyingi ni mali. Tatizo ni kwamba zote hazipati muda sawa. Ile yenye kutumika saa chache kwa siku, tena na mtu mmoja au wawili tu, ndiyo huanza kulegea.

Na hili si jambo la kufikirika. Wengi mnawakumbuka Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakapewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto na wajukuu wao walisoma shule za Tanzania, kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2008, zaidi ya watu 50,000 kati yao walirudi Burundi, na wengi waliobaki wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa vijana waliorudi, nchi ya wazazi wao ilikuwa na lugha ngeni. Darasani walikuta Kirundi na Kifaransa. Wengine waliwekwa madarasa ya chini pamoja na watoto wadogo, ingawa hesabu walizijua. Na shauri la shamba linapozungumzwa mbele ya bashingantahe, anayeshindwa kujieleza kwa Kirundi humtegemea mtu mwingine amsemee haki yake.

Kwa hiyo tunapouliza mtoto anazungumza lugha gani, tunauliza pia ataweza kuishi wapi, ataweza kuzungumza na bibi yake au la, na nani atamsemea.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Sasa tuangalie lugha inavyosahaulika. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, kisha akaangalia amesahau kiasi gani baada ya dakika, saa na siku. Aligundua mambo mawili ambayo bado yanakubalika. La kwanza, usahaulifu huja haraka mwanzoni, kisha hupunguza kasi. La pili, kitu ulichokisahau hukijifunza tena upesi kuliko mara ya kwanza. Kumbe kinachoonekana kimefutika huwa kimeacha alama.

Kwa lugha ya mtoto, alama hiyo imechunguzwa. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walichapisha habari za watu wazima waliozaliwa Korea, wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri kati ya miaka 3 na 8. Walipoletewa sentensi za Kikorea zikiwa zimechanganywa na za lugha nyingine, hawakuweza kuzitambua. Mtoto wa miaka 8 huwa anazungumza bila shida yoyote, na hata hivyo lugha iliwatoka kwa sababu hawakuisikia tena.

Mwaka 2014 watafiti wa Kanada wakaleta habari yenye matumaini zaidi. Waliwapima wasichana waliozaliwa China, wakalelewa kwa Kifaransa tangu wakiwa wadogo sana, wasiokumbuka neno hata moja la Kichina. Waliposikia sauti za Kichina zinazopanda na kushuka, ubongo wao uliitikia kama wa watu wanaokijua Kichina. Maneno yalikuwa yamekwenda, sauti zilikuwa zimebaki.

Tunapata mafunzo mawili. Mtoto mdogo hujifunza lugha upesi, na huisahau upesi vilevile. Anayeiacha baada ya kubalehe huwa ameishika kwa nguvu zaidi, ingawa naye ataanza kutafuta maneno. Kwa hiyo wa kuangaliwa kwanza ni hawa wadogo, hasa waliozaliwa kambini.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Hapa kuna jambo linalowadanganya wazazi wengi. Lugha haipotei yote kwa mkupuo. Kusema hutangulia kuondoka, kuelewa hubaki nyuma. Mtoto unayemtuma maji kwa Kirundi akaenda, bado anakuelewa, lakini huenda hawezi tena kusimulia kwa Kirundi yaliyomkuta huko bombani.

Tena lugha zetu ni ndugu. Mrundi husema amazi, Mswahili husema maji. Umuntu ni mtu, inyama ni nyama. Udugu huo humsaidia mtoto kujifunza, lakini pia huficha upungufu, maana anaweza kukisia maana kwa kufuata Kiswahili. Ukitaka kujua hali yake, usimpe amri aitekeleze. Mwombe akusimulie jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali anapokwama na kuruka kwenye Kiswahili, hapo ndipo penye pengo.

Tugeukie swali la tatu. Kuna wazazi wanaosema, "Nimeacha kuzungumza naye lugha yetu ili Kiingereza kiingie vizuri." Nia ni njema, lakini kichwa cha mtoto si gunia linalojaa. Mwaka 1970, huko Ife nchini Nigeria, mradi wa chuo kikuu ulichukua watoto wa shule ya msingi na kuwafundisha masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka 6. Kiingereza kilifundishwa kama somo, na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Wenzao walifundishwa kwa Kiyoruba miaka 3 tu, kisha wakahamia Kiingereza. Mwishoni wale wa Kiyoruba hawakuachwa nyuma. Walifanya vizuri, hata katika Kiingereza.

Sababu inaeleweka. Mtoto akishajua kwa lugha yake maana ya kugawanya, kulinganisha, au kusoma kifungu na kukipata, hahitaji kuyajifunza hayo upya kwa lugha ya pili. Anahitaji majina mapya tu. UNESCO ilikwisha kushauri mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo mzazi, mpe mwanao lugha unayoijua vizuri. Kiingereza na Kifaransa mwachie mwalimu.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Sasa, cha kufanya nyumbani ni nini? Mambo haya hayahitaji fedha.

Kwanza, shikilia lugha yako. Mtoto akijibu kwa Kiswahili, usimgombeze wala kumcheka. Rudia jibu lake kwa lugha yako, polepole, kisha endelea na mazungumzo. Anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi. Hata kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja si ugonjwa. Anatumia alicho nacho.

Pili, mpe sababu ya kuisema. Mtume kwa mzee asiyejua Kiswahili apeleke salamu na alete majibu. Ukipata simu ya kuzungumza na ndugu walio mbali, mtoto naye aseme, walau maneno mawili. Lugha isiyohitajika na mtu haishikiki.

Tatu, rudia kwa kupisha siku. Hapa tunatumia alichokigundua Ebbinghaus. Chagua maneno matano leo, kwa mfano majina ya vyombo vya jikoni au ya mazao. Yaulize kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Dakika tano mara nne zinafaa kuliko saa nzima siku moja. Na umwulize, usimwambie: "Hiki kinaitwaje?" Neno alilolitafuta mwenyewe kichwani hukaa kuliko alilotajiwa.

Nne, rudisha jioni. Mrundi husema "Sokwe!", wenzake wakaitika "Niruze!", kama Waswahili wanavyosema "Kitendawili!" na "Tega!" Vitendawili, hadithi na nyimbo hurudia maneno yaleyale bila kuchosha, na huja na maneno ya ng'ombe, mvua, shamba na mto ambayo hayasikiki kwenye foleni ya mgao.

Tano, iandike. Mtoto anayesoma Kiswahili anazijua tayari herufi za Kirundi, Kibembe, Kifuliiru au Mashi. Daftari moja la nyumbani linatosha: majina ya ukoo, ya milima na mito ya kwenu, hadithi moja ya babu. Hilo ni muhimu zaidi kwa lugha zisizofundishwa shuleni.

Sita, shirikianeni. Wamaori wa New Zealand walipoona watoto wao hawasemi tena lugha yao, mwaka 1982 walianza vituo ambamo wazee hukaa na watoto wadogo na kuzungumza nao Kimaori tu, wakicheza, wakila na kuimba. Havikuanza kwa vitabu. Vilianza kwa wazee. Kambini wazee tunao, na kivuli cha mti tunacho. Mtaa unaweza kupanga saa mbili kila Jumamosi. Na hapo wakumbukwe watoto waliofika bila wazazi, wanaolelewa na familia za lugha nyingine. Kwao, mzee mmoja wa lugha yao anaweza kuwa ndiye uzi pekee uliobaki.

Neno kwa ndugu zetu Wakongomani: Kiswahili cha Kivu ni lugha ya watu, hakijaharibika. Mtoto aambiwe, "Hivi ndivyo tunavyosema kwetu, na hivi ndivyo wanavyosema Kigoma." Anayejua njia mbili hapotei.

Na kwa familia ambamo baba ana lugha yake na mama yake, kila mmoja aseme ya kwake. Watoto huzitenganisha, mradi kila lugha isikike kila siku.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Tujibu yale maswali kwa kifupi. Mtoto anayeelewa bila kusema bado hajapoteza lugha, lakini yuko njiani kuipoteza. Inaweza kurudi, na hurudi upesi zaidi kwa aliyewahi kuijua. Wala lugha ya nyumbani haimzuii kufaulu shuleni. Hatujui ni nani atarudi kwao, nani atabaki na nani atapelekwa nchi ya tatu. Kwa safari yoyote kati ya hizo, lugha ni mzigo usiopimwa kwenye mizani ya lori.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ni maswali ya kujadili baada ya kipindi:

1. Katika mtaa wetu, ni lugha gani watoto wanaielewa lakini hawaisemi?
2. Ni wazee gani wako tayari kukaa na watoto, siku gani na wapi?
3. Ni watoto gani hawana mtu nyumbani wa kuzungumza nao lugha yao?

Andikeni majibu yenu, mmpe kiongozi wa kikundi. Na jioni hii, kabla ya kulala, mwombe mwanao akusimulie siku yake kwa lugha ya nyumbani. Msikilize mpaka amalize.

 

(Muziki wa kufungia)