Fuata Rangi Ilikotoka

Ukipata nafasi ya kutazama filamu ya katuni ya Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyotoka Desemba 2018, isimamishe mahali ambapo nyuma ya mhusika kuna majengo ya New York. Kodolea macho kingo za yale majengo. Nyekundu imesogea huku kidogo, buluu imesogea kule, utadhani aliyezipanga alikuwa na haraka. Kwenye nyuso kuna vitone vidogo vidogo, kwenye vivuli kuna mistari. Kompyuta zilizotengeneza filamu ile zilikuwa na uwezo wa kuchora ukingo mkali kama wembe. Wasanii wakaamua kwa makusudi zisifanye hivyo.

Mimi ni mbunifu wa grafiki hapa Dar es Salaam. Natengeneza mabango, vifungashio, nembo, kurasa za tovuti, na siku hizi michoro inayotembea ya kutazamwa kwenye simu. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huniuliza, "Dada, mawazo unayatoa wapi?" Wengi wao wamejaza simu picha walizozihifadhi kutoka mitandao ya Behance na Pinterest, mamia kwa mamia, na bado wakikaa mbele ya kompyuta wanaishiwa. Ndipo ninapowawekea filamu hii na kuisimamisha.

Vitabu vya katuni vya Marekani vya zamani vilichapwa kwa wino wa rangi nne kwenye karatasi ya bei nafuu. Kila rangi ilikuwa na bamba lake. Bamba moja likihama hata unene wa unywele, rangi inatoka nje ya mstari. Tena mashine ile haikuweza kuufifisha wino. Ilichapa au haikuchapa. Mchapaji akitaka waridi laini alichapa vitone vyekundu vilivyoachana, weupe wa karatasi ukabaki katikati, na jicho la msomaji likavichanganya lenyewe. Kwa hiyo vile vitone na zile rangi zilizohama ni alama za uchapaji wa bei rahisi. Zilizaliwa na ufinyu wa bajeti.

Wasanii wa filamu walizichukua alama hizo wakazipa kazi mpya. Kamera hufanya vitu vya mbali vififie kama vimo ndani ya ukungu. Wao, pale walipotaka kitu kionekane kiko mbali, walizitenganisha rangi zake. Mwendo nao waliufikiria hivyohivyo. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Katika tukio la msituni, kijana Miles Morales, ambaye bado hajazizoea nguvu zake, amechorewa mikao 12 tu kwa sekunde, kila mkao ukishikiliwa kwa picha mbili, ndiyo maana anaonekana anakwamakwama. Peter Parker, mwalimu wake, ana mikao 24 na anateleza hewani. Mtazamaji hahesabu kitu, lakini anajua mara moja nani ni mzoefu na nani anaanza. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya katuni mwaka 2019, na siku hizi programu nyingi za kuhariri video zina kitufe cha kuhamisha rangi. Unabonyeza, rangi zinahama. Kwa nini zihame, aliyebonyeza hana jibu.

Baada ya hapo nawaambia vijana waniletee kanga. Wanacheka, kisha wanaileta. Tunaitandaza mezani na kuanza na pindo. Kanga nayo huchapwa rangi moja baada ya nyingine. Ukiinama karibu utakuta mahali nyeusi haikukutana sawasawa na nyekundu, umebaki uzi mweupe katikati, au rangi mbili zimepandiana na kuzaa ya tatu ambayo hakuna aliyeipanga. Ni jambo lilelile la vitabu vya katuni. Tumelelewa ndani yake, tumebebwa nalo mgongoni, na hatujawahi kuliona kama chanzo cha kazi yetu. Na hapo sijagusa ufundi wa mpangilio: pindo linalozunguka pande zote, mji katikati, na jina chini likiwa na nafasi yake lisigombane na maua. Mtu anayetaka kujua jinsi ya kuweka maandishi ndani ya picha yenye vurugu, na maandishi yakasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, shule yake ipo kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Simaanishi kila bango sasa livalishwe maua ya kanga. Hilo nalo limeenea, na limechosha. Ninachokitafuta katika kazi ya mwenzangu, iwe imetoka Tokyo au Kariakoo, ni shida iliyokuwa mezani kwake na namna alivyoitatua. Sura ya kazi yake ni mali yake, na nikiichukua nimeiba. Njia aliyopita kuitatua shida yake naweza kuipita nikiwa na shida yangu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Susan Kare. Kabla kompyuta ya Macintosh haijatoka Januari 1984, alipewa kazi ya kuchora alama zake: kikapu cha taka, faili, brashi. Alikuwa na miraba 32 kwenda juu na 32 kwenda pembeni, jumla 1,024, na kila mraba uwe mweusi au mweupe, basi. Alinunua karatasi ya miraba akaanza kuijaza kwa kalamu. Elimu yake ilikuwa ya sanaa, hakutoka upande wa kompyuta, na alipoona ile miraba alikumbuka vigae vidogo vya kupambia kuta na tarizi za kitambaa. Watu walishatatua shida yake karne nyingi kabla ya umeme. Alama iliyopo hadi leo kwenye kitufe cha Command cha kibodi za Apple aliipata katika kitabu cha alama: ni kibao cha Sweden cha kuwaonyesha wasafiri mahali pa kuvutia. Nikisoma habari zake huwa nawafikiria washonaji wa kofia za viua kule Unguja, wanaotoboa kofia tundu kwa tundu mpaka pambo likakamilika. Kijana anayetaka kuchora alama ndogo za programu ya simu angefaidika sana akikaa siku nzima karibu na mmoja wao.

Mbunifu wa grafiki Paula Scher naye, alipopewa kazi ya kulitengenezea sura mpya jumba la maonyesho la Public Theater, New York, mwaka 1994, alifungua kitabu cha Rob Roy Kelly kuhusu herufi za mbao za karne ya 19, zile nene na nyembamba zilizotangaza minada na sarakasi. Zilitengenezwa zionekane kutoka mbali na kwa haraka, na ndicho alichokihitaji katika mji wa makelele.

Kwenye tovuti, chanzo kinaweza kuwa mbali zaidi. Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliandika makala iliyobadilisha kazi yetu. Wakati huo kampuni nyingi zilijenga tovuti moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Yeye alikuwa amesoma habari za wasanifu majengo wanaobuni vyumba vinavyojirekebisha kwa kadiri ya watu waliomo, akajiuliza kwa nini ukurasa usifanye hivyo. Leo ukiufungua ukurasa kwenye simu ukajipanga wenyewe bila kukulazimisha uukuze kwa vidole, unatumia wazo lile.

Hapo nina neno la ukali kidogo. Tovuti nyingi zinazoshinda tuzo siku hizi ni nzito mno. Zina video, zina vitu vinavyoruka kila unapogusa kioo, na zinapendeza kwa mwenye intaneti ya ofisini. Mteja wangu anauza vipuri, na wanunuzi wake wanafungua kwa bando la siku. Michoro inayotembea ikimlia mmoja wao bando kabla hajaona bei, atafunga aende kwa jirani. Kwa hiyo nikizitazama tovuti hizo huuliza kitu kimoja: mwendo huu unamsaidia nani kuelewa nini? Kitufe kinachotikisika ulipokosea namba ya siri kinasaidia. Nakichukua. Mengine nayaacha.

Wewe mwenye duka au taasisi, siku utakapomwendea mbunifu, usimwonyeshe nembo ya kampuni ya ng'ambo ukasema "nifanyie kama hii." Mpelekee risiti zako, picha ya mlango wako wa mbele, na maneno ambayo wateja wako huyatumia wanapokuulizia bidhaa. Na katika bei mtakayokubaliana, weka pia malipo ya siku atakazozitumia kutafuta, kabla hajawasha kompyuta.