MUUGUZI MPYA NA MSHAHARA WA KUANZIA

Kila mwaka vijana wetu humaliza stashahada ya uuguzi, hupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha huanza kutafuta kazi. Wazazi waliouza mazao na mifugo kulipa karo hufurahi. Lakini siku ya kuitwa kazini, wengi huona haya kuuliza mshahara. Husema, "Uuguzi ni wito." Ni kweli, ni wito. Hata hivyo muuguzi naye hula, hulipa pango na husomesha wadogo zake. Anayefanya kazi kwa manung'uniko huchoka upesi, na anayeumia ni mgonjwa.

Wazazi, kaeni na kijana wenu kabla hajatia sahihi, mwangalie pamoja mambo haya:

1. Mwajiri ni nani? Serikalini mshahara umepangwa kwa ngazi, hakuna mapatano. Ahakikishe tu amewekwa katika ngazi ya elimu yake. Katika hospitali za dini, baadhi ya wauguzi hulipwa na Serikali na wengine na hospitali yenyewe; aulize yeye yumo kundi gani. Hospitali ikilipa yenyewe, nafasi ya kuzungumza ipo. Ndivyo ilivyo pia kwa watu binafsi.

2. Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 kwa kila saa. Yaani, kama saa moja ni shilingi 3,000, saa ya ziada ni 4,500, na saa ya usiku ni 3,150. Likizo ya mwaka ni siku 28. Hayo ni haki, si hisani.

3. Aulize nini? Mshahara wa msingi ni kiasi gani, na baada ya makato atabaki na ngapi? Zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi? Mchango wa hifadhi ya jamii unapelekwa? Muda wa majaribio ukiisha, mshahara utaongezwa?

4. Aseme vipi? Kwa heshima, bila kutisha: "Nashukuru kwa nafasi hii. Je, mnaweza kuniongezea kidogo, au kunipatia chumba?" Hospitali isiyo na fedha huenda ina nyumba. Chumba ambacho mjini angekilipia 80,000 ni bora kuliko nyongeza ya 50,000.

Mwisho, ahadi ya mdomo haitoshi. Yote yaandikwe katika mkataba, ausome nyumbani kwa utulivu, na abaki na nakala yake. Kuuliza mapema si tamaa; ni kuzuia ugomvi wa kesho.