Usione Vyaelea, Vimeundwa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu wanaokusanya vyombo vya kale vya mapambo kutoka Japani: sahani, mitungi na vyombo vya maua. Pengine utauliza, sahani isiyopakuliwa chakula ina faida gani? Hata mimi niliuliza hivyo, mpaka siku nilipotoa mshahara wa mwezi mzima kununua sahani moja niliyohakikishiwa kuwa ina umri wa miaka 300. Nilipofika nyumbani nikaigeuza. Chini yake paliandikwa neno moja kwa herufi za Kizungu: "Nippon".

Neno hilo ni jina la Japani kwa lugha ya wenyewe. Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1891, kwamba bidhaa za kigeni ziandikwe kwa Kiingereza jina la nchi zilikotoka. Wajapani wakaandika "Nippon". Mwaka 1921 Wamarekani wakakataa, wakasema hilo si neno la Kiingereza, iandikwe "Japan". Kwa hiyo chombo chenye neno "Nippon" kwa kawaida kilitengenezwa kati ya miaka hiyo miwili. Sahani yangu ilikuwa kuukuu, lakini miaka 300 haikuwa nayo.

Kauri ya Japani ilianza mwanzoni mwa karne ya 17 katika mji wa Arita, kisiwani Kyushu. Palipatikana udongo mweupe mlimani, nao ukachomwa kwa moto mkali mpaka ukawa mgumu na laini. Vyombo vilisafirishwa kupitia bandari ya jirani iitwayo Imari, ndiyo maana wanunuzi wakaviita kwa jina la bandari, si la mji ulikochomwa. Ulaya walikuwa wakinunua kauri ya China. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 na vita vikaivuruga China, wafanyabiashara wa Kiholanzi wakageukia Arita. Mwaka 1659 waliagiza makumi ya maelfu ya vyombo.

Je, mnunuzi atatambuaje chombo cha kweli? Kwanza, asiamini maandishi peke yake. Vyombo vingi vya Arita vina alama ya mfalme Chenghua wa China, aliyetawala karne ya 15. Wakati huo Japani ilikuwa haijatengeneza kauri hata moja! Wafinyanzi waliiweka alama hiyo kama pambo la heshima tu. Pili, ageuze sahani kubwa na kutazama kitako chake. Mara nyingi ataona vidoa vidogo, alama za vijiti vya udongo vilivyoishikilia isibonyee ndani ya tanuri. Tatu, atazame dhahabu na rangi nyekundu. Hizo zilipakwa juu baada ya chombo kuchomwa, kwa hiyo matumizi ya miaka mingi huzilika. Dhahabu inayong'aa kila mahali kwenye chombo kinachosemwa ni cha kale, iulizwe maswali. Na ukishakuwa nacho, usikisugue kwa steliwaya, utaiondoa dhahabu kwa mkono wako mwenyewe.

Lakini liko jambo jingine, nalo halisomeki chini ya sahani. Wazee wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kati ya mwaka 1592 na 1598, majeshi ya Japani yaliivamia Korea. Yaliporudi, makabaila wake walikuja na mateka, na miongoni mwao walikuwemo wafinyanzi. Ni mikono ya Wakorea hao iliyoanzisha kazi ya Arita. Mmoja wao, Yi Sam-pyeong, anaheshimiwa mpaka leo mjini humo kuwa ndiye aliyegundua ule udongo mweupe. Uzuri tunaoutundika ukutani ulianzia kwa watu waliong'olewa makwao.

Sahani yangu sikuirudisha. Ningali nayo. Aliyeniuzia alinidanganya juu ya umri wake, lakini sahani yenyewe haikunidanganya, kwani jibu lilikuwa chini yake tangu mwanzo. Mwenye kosa ni mimi niliyelipa kwanza, nikageuza baadaye.

Basi msikilizaji, iwe ni sahani, iwe ni shamba, iwe ni maneno matamu ya mtu: geuza kwanza, ulipe baadaye. Hadi juma lijalo, kwaherini.